Hedifoni ipi ina sauti bora? Mwongozo kamili wa kulinganisha hedifoni zisizo na waya nyumbani kwako

Ukiingia duka la simu pale Darajani, Unguja, ukauliza hedifoni nzuri, muuzaji atakuvisha moja, atawasha singeli yenye besi nzito, ataipandisha mpaka mwisho, kisha atakukazia macho. "Umeisikia besi hiyo, shekhe?" Umeisikia, ndiyo. Lakini hujalinganisha chochote. Umesikia hedifoni moja, kwa sauti kubwa kuliko utakayoitumia nyumbani, kwa wimbo aliouchagua mwenye kuuza, huku nje daladala zinapiga honi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye hedifoni mbili au tatu mkononi. Pengine moja ni ya zamani na nyingine mpya, au moja ameazima kwa jamaa na ya pili kapewa dukani kwa ahadi ya kurudisha. Anataka kujua ipi ina sauti bora kwa mambo ya nyumbani: mpira usiku watu wamelala, taarabu baada ya isha, tamthilia wakati watoto wanadurusu. Msimamo wangu nautanguliza. Sehemu kubwa ya tofauti ambayo watu huisikia baina ya hedifoni mbili haitoki kwenye hedifoni zenyewe. Inatoka kwenye ukubwa wa sauti, kwenye faili la wimbo, kwenye namna mto ulivyokaa sikioni, na kwenye njia ya mawimbi. Kwa hiyo kazi nyingi ya kulinganisha ni kuviweka sawa vitu hivyo kwanza, ndipo masikio yafanye yao.

Hatua ya 1: Jua umeshika aina gani

Za Bluetooth ndizo zilizojaa madukani. Zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, na sauti hubanwa kwenye simu au TV kabla ya kurushwa, kisha hufunguliwa ndani ya hedifoni. Kubana huko kuna gharama zake mbili: sauti inaweza kupoteza kitu, na inachelewa.

Za redio ya analogi huja na stendi yake ya kurushia, ambayo unaichomeka nyuma ya TV. Sennheiser RS 120 ni mfano unaojulikana. Hizi hazichelewi, lakini zina mchirizo wa "shwaa" kwa mbali, hasa pale sauti ya kipindi inaposhuka. Zipo pia za stendi zilizo za dijitali, kama RS 175 ya kampuni hiyo hiyo. Zenyewe zimetulia zaidi. Na zipo za infraredi, zinazorusha sauti kwa mwanga usioonekana. Hizo ukitoka chumbani tu zimenyamaza, maana mwanga haupiti ukuta.

Walioletewa zawadi kutoka Marekani wana jambo lao la kuangalia. Hedifoni za analogi za Ulaya hukaa kwenye megahezi 863 hadi 865. Za Marekani hutumia bendi ya 902 hadi 928, ambayo huko kwao iko huru. Kwetu sehemu ya bendi hiyo ni ya simu za mkononi: kwenye GSM 900, simu huongea na mnara kwa megahezi 890 hadi 915. Ukisikia mikwaruzo inayokuja kila simu iliyo karibu inapotaka kuita, usiilaumu spika ya hedifoni. Imekaa kwenye nyumba ya mtu.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha adapta

Hatua hii ni fupi lakini ukiiruka unaweza kubaki bila hedifoni ya kulinganisha. Umeme wetu ni volti 230. Adapta ya stendi iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 peke yake, na ukiichomeka itanuka dakika hiyo hiyo. Tafuta maandishi "100-240V". Kama hayapo, nunua adapta nyingine yenye volti na alama za plasi na hasi zile zile zilizoandikwa upande wa kutolea. Hedifoni zinazochajiwa kwa waya wa USB hazina tatizo hili.

Kumbuka pia kwamba hedifoni ya stendi inategemea umeme wa ukutani muda wote. Unguja tunaletewa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka upande wa Dar es Salaam, na Pemba kutoka Tanga. Ukikatika, stendi inazimika na hedifoni inanyamaza hata kama betri yake imejaa. Ya Bluetooth iliyounganishwa na simu inaendelea. Hilo si suala la ubora wa sauti, lakini sauti isiyokuwepo haina ubora.

Hatua ya 3: Tafuta faili safi

Usilinganishe kwa wimbo uliotumiwa kwenye kundi la WhatsApp baada ya mtu kuurekodi kwa kuisogezea simu spika. Mtandaoni nako kuna mtego wake: bando likiwa dhaifu, programu nyingi hushusha ubora kimya kimya, na hedifoni ya pili itasikika mbaya kwa sababu ilifika zamu yake mtandao ukiwa umelala. Pakua nyimbo kabla. Faili la FLAC, aina isiyopoteza kitu ikibanwa, au lililotolewa moja kwa moja kwenye CD, ndilo bora. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inatosha kabisa.

Zima ekwalaiza kwenye simu, na zima kile kitufe cha "besi zaidi" kwenye programu ya hedifoni. Hedifoni moja ikiwa na besi ya kuongezwa na nyingine haina, unalinganisha vitufe.

Hatua ya 4: Angalia kodeki inayotumika kweli

Kodeki ni ule utaratibu wa kubana na kufungua sauti. Kila hedifoni ya muziki ya Bluetooth ya kawaida ina SBC, ambayo kwa kiwango chake cha juu kilichozoeleka hupeleka kilobiti 328 kwa sekunde. AAC ndiyo inayotumiwa na iPhone, na ukiwa na iPhone usihangaike na nyingine, maana simu hiyo haina LDAC wala aptX. LDAC ya Sony, iliyoingizwa kwenye Android tangu toleo la 8.0 mwaka 2017, hufika kilobiti 990, lakini inashuka hadi 660 au 330 mawimbi yakisumbuka. LC3 ni ya Bluetooth mpya ya LE Audio, iliyotangazwa mwaka 2020. Ili uipate lazima simu na hedifoni zote ziwe nayo.

Kwenye Android utajua ipi inatumika hivi: fungua mipangilio, nenda "Kuhusu simu", gusa namba ya muundo mara saba mpaka ikuambie umekuwa msanidi programu, kisha ingia kwenye chaguo za wasanidi programu utafute kodeki ya sauti ya Bluetooth. Fanya hivi huku wimbo unapiga. Hapo ndipo hedifoni nyingi za bandia zinaumbuka. Boksi limeandikwa LDAC kwa rangi ya dhahabu, simu inaonesha SBC na hakuna nyingine ya kuchagua.

Lakini usiabudu namba hizi. SBC nzuri kwenye spika nzuri inaishinda LDAC kwenye spika mbovu, tena kwa mbali. Kama unataka kusikia tofauti ya spika peke yake, ziweke hedifoni zote mbili kwenye SBC. Kama unataka kujua ipi itakupa raha, iache kila moja itumie kodeki yake bora. Ni maswali mawili tofauti, na watu hubishana barazani usiku kucha kwa sababu mmoja anajibu hili na mwingine lile.

Na usihukumu muziki kwa sauti ya simu. Ukiwa kwenye maongezi, maikrofoni ya hedifoni inafunguka na Bluetooth ya kawaida hubadilisha njia: sauti inakuwa ya upande mmoja, nyembamba. Kompyuta nayo hufanya hivyo ikiwa kuna programu imeshikilia maikrofoni bila wewe kujua. Ukisikia muziki umekuwa wa mkebe ghafla, anzia hapo.

Hatua ya 5: Kaa vizuri, na linganisha na ushungi wako

Hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwingine haituhusu sana, maana waandishi wake hawavai tunavyovaa.

Besi ya hedifoni inayofunika sikio inategemea mto kuziba pande zote. Pakipatikana upenyo mdogo tu, hewa inatoka na besi inaondoka nayo. Mkono wa miwani unatosha kufanya hivyo. Ushungi unatosha zaidi. Mwanamke aliyejaribu hedifoni juu ya mtandio mzito kisha akasoma mtandaoni kwamba hedifoni ile ina besi ya kutikisa nyumba, atadhani kauziwa ya bandia. Hapana. Kitambaa kimekaa baina ya mto na ngozi, besi imepungua, na sauti za juu nazo zimefifia kwa sababu zinachujwa.

Basi linganisha kama utakavyotumia. Kama nyumbani unakaa kichwa wazi, jaribu kichwa wazi. Kama wageni huingia na kutoka na utakuwa na ushungi muda mwingi, jaribu na ushungi ule ule kwa hedifoni zote, wa kitambaa chepesi ikiwezekana, uliolazwa bila mikunjo juu ya sikio. Utagundua hedifoni nyingine zinastahimili kitambaa na nyingine zinaanguka kabisa. Zile zenye mito mipana na laini na utepe unaobana kidogo ndizo huwa zinastahimili. Za wazi mgongoni, ambazo hewa inapita kwa makusudi, hazibadiliki sana, kwa kuwa hazikutegemea kuziba tangu mwanzo. Kofia ya vito haisumbui ikiwa imekaa juu ya masikio. Baraghashia iliyoshuka mpaka sikioni inasumbua.

Jaribio la haraka: piga wimbo wenye besi, kisha bonyeza mito yote miwili kwa viganja taratibu. Besi ikiongezeka sana, hedifoni haikukukaa. Vuta utepe, geuza vikombe, sogeza miwani. Ikiongezeka kidogo tu, uko sawa. Usianze kulinganisha kabla ya kufaulu jaribio hili kwa kila hedifoni.

Angalia pia hali ya mito. Ngozi bandia kwenye joto na unyevu wetu huanza kuchubuka na kuacha vipande vyeusi shingoni, na mto uliochubuka hauzibi. Kulinganisha hedifoni mpya na ya zamani yenye mito iliyokwisha ni kumwonea mzee wa watu. Mtie mito mipya kwanza.

Hatua ya 6: Sawazisha ukubwa wa sauti

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Sikio la binadamu halisikii besi na sauti za juu kwa usawa katika kila kiwango. Fletcher na Munson walilionesha hilo mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, besi hupotea zaidi kuliko sauti za kati, ikiwa kubwa, besi hurudi. Maana yake ni kwamba hedifoni iliyo juu kwa desibeli moja au mbili tu haisikiki kuwa "kubwa zaidi". Inasikika kuwa nzuri zaidi, imejaa, iko wazi. Yule muuzaji wa Darajani anaijua siri hii hata kama hajawahi kuisoma.

Unahitaji CD kuukuu, simu ya pili yenye programu ya kupimia desibeli, na kelele laini ya mfululizo, ile ya redio isiyoshika stesheni. Faili zake ziko nyingi za bure.

CD ina upana wa sentimita 12 na tundu la milimita 15 katikati. Mpe mtu aishike wima. Upande mmoja, bandika kikombe cha kushoto cha hedifoni juu ya CD, mto ukae umebana pande zote na tundu liwe katikati ya mto. Upande wa pili, weka ukingo wa chini wa simu, pale penye kitundu cha maikrofoni, moja kwa moja kwenye tundu la CD. Piga kelele ile kwenye hedifoni. Panka izimwe, watu wanyamaze. Soma namba, iandike. Ondoa, rudisha, soma tena. Zikipishana sana, mto haukukaa vizuri, rudia. Kisha weka hedifoni ya pili namna hiyo hiyo na upandishe au ushushe sauti yake mpaka namba zilingane. Kupishana kwa nusu desibeli hakuna neno. Desibeli moja ni mwisho wa uvumilivu wangu.

Namba yenyewe usiijali. Simu si kipimo cha maabara, na inaweza kukuambia 68 ilhali ni 74. Unachotafuta ni namba ile ile kwa zote mbili, kwa simu ile ile, katika mkao ule ule. Ikiwa hedifoni ina kufuta kelele, amua mapema kama utapima ikiwa imewashwa au imezimwa, kwa sababu sauti ya hedifoni nyingi hubadilika ukiwasha. Mwishoni weka alama za viwango hivyo kwenye karatasi: sauti ya simu iko ngapi, ya hedifoni iko ngapi. Mtoto akipita akagusa kitufe, utajua pa kurudia.

Hatua ya 7: Chagua muziki unaoujua, na taarabu iwemo

Watu wa mbali watakuambia jaribu kwa nyimbo za jazi au za okestra za Ulaya. Sisi tuna kitu kinachofaa zaidi, ambacho masikio yetu yamekikulia: taarabu ya kikundi kamili. Nadi Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club ya mwaka 1958 zote zina rekodi za studio za miaka ya karibuni zilizofanywa vizuri, na ndani ya kipande kimoja unapata karibu kila mtihani unaouhitaji.

Anza na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayodonolewa. Nyuzi zake zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na kila mdonoo una mwanzo mkali unaofuatwa na mlio unaofifia. Kwenye hedifoni nzuri utausikia ukucha ukigusa uzi, kisha mlio, kisha kimya baina ya mdonoo na mdonoo. Kwenye mbovu, midonoo inashikana na kuwa mfereji mmoja wa sauti inayometameta. Kodeki iliyobana sana huonesha aibu yake hapa hapa, na kwenye vitoazi vya rika, ile tari ndogo: badala ya "chi" safi unapata "shhh" yenye majimaji. Funga macho usikilize rika peke yake kwa sekunde kumi. Ni mtihani mkali kuliko besi yoyote.

Udi ni wa sauti za kati. Unatakiwa usikie mbao, ule mvumo wa tumbo la udi, si waya peke yake. Hedifoni zilizotiwa besi kwa nguvu huuvimbisha udi mpaka ukasikika mnene wa uongo. Fidla zikiwa tatu au nne pamoja zinatakiwa zisikike nyingi. Zikisikika kama fidla moja kubwa, hedifoni haitenganishi. Mwimbaji akae katikati ya kichwa chako, mbele kidogo, na waitikiaji wasambae nyuma yake kushoto na kulia. Sikiliza herufi "s" na "sh" katika maneno yake. Zikichoma sikio, sauti za juu zimezidi. Baada ya saa moja utaivua hedifoni bila kujua kwa nini.

Kwa besi usitumie bongo fleva kwanza. Besi ya kompyuta inasikika vizuri kwenye kila kitu. Tumia kidumbak, ule muziki wa ngoma ulio jamaa wa taarabu. Sanduku, ile besi ya uzi mmoja uliofungwa kwenye sanduku la chai na fimbo, lina sauti inayopanda na kushuka mpigaji anapovuta. Jiulize: nasikia noti, au nasikia mdundo tu? Hedifoni yenye besi ya kujifanya itakupa "bu bu bu" ya namna moja muda wote. Yenye besi ya kweli itakuwezesha kuimba anachopiga. Kisha sikiliza kama cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonga) bado vinasikika wazi sanduku linapofanya kazi, au vimezama chini yake.

Rekodi za Siti binti Saad zilizoanza kutengenezwa Bombay mwaka 1928 ni hazina, na mimi huzisikiliza, lakini usizitumie kulinganisha. Santuri za zama zile hazikunasa besi ya chini wala sauti za juu kabisa, kwa hiyo hedifoni ya bei mbaya na ya bei nzuri zitakaribiana sana. Zina faida moja tu hapa: hedifoni yenye sauti za juu zilizozidi itaukuza mkwaruzo wa sindano mpaka ukukere.

Ongeza vitu viwili visivyo muziki. Kisomo cha Qur'ani kilichorekodiwa vizuri ni kipimo kizuri cha sauti ya mtu peke yake na mwangwi wa ukumbi. Msikilize msomaji anapovuta pumzi na mwangwi unavyofifia mpaka mwisho. Na taarifa ya habari, kwa sababu nusu ya matumizi ya hedifoni nyumbani ni watu wanaoongea.

Hatua ya 8: Badilisha haraka, na usijue bei

Kumbukumbu ya sauti ni fupi mno. Ukisikiliza wimbo mzima wa dakika kumi na mbili kwa hedifoni ya kwanza kisha ukaanza ya pili, unalinganisha hedifoni na hadithi. Chagua kipande cha sekunde kumi na tano, kisikilize kwa hii, kisha kwa ile, rudi kwa hii. Kipande kingine, vivyo hivyo.

Tafuta msaidizi. Fumba macho, akuvishe, abadilishe mpangilio bila kukuambia, pengine akuvishe ile ile mara mbili. Utazitambua kwa uzito, sawa, huwezi kukwepa hilo kabisa. Lakini angalau msaidizi asikuambie ipi ni ya laki tatu na ipi ni ya elfu arobaini. Andika alama kwenye daftari kabla ya kufumbua macho: kanuni, udi, sauti ya mtu, sanduku, utengano. Kisha mvishe na yeye, umri tofauti kama inawezekana. Babu na kijana wa skuli hawasikii sauti za juu sawasawa, na kama hedifoni ni ya babu kutazamia habari, alama za babu ndizo zenye uzito.

Hatua ya 9: Pima kuchelewa kwenye TV yenyewe

Hedifoni inaweza kuwa na sauti tamu ya taarabu na ikawa balaa kwenye mpira. Mchezaji anapiga, mpira umeshaondoka, ndipo "pu" inafika. Kwa viwango vya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, mtazamaji huanza kuona kasoro sauti ikichelewa kiasi cha milisekunde 125. Bluetooth yenye SBC kwa kawaida huchelewa kati ya 150 na 250. AptX Low Latency hushuka hadi karibu 40, lakini TV na hedifoni zote ziwe nayo. Za analogi hazichelewi kwa kiasi cha kuhisi.

Usipimie kwenye simu. Programu nyingi za video huichelewesha picha makusudi ili ilingane na hedifoni, kwa hiyo utaona kila kitu kiko sawa. Washa TV na king'amuzi chako, tafuta mtu anayepiga makofi au mpira wa miguu, utazame mguu. TV nyingine zina mpangilio wa kulinganisha sauti na picha. Ujaribu kabla ya kuikataa hedifoni. Na kwa stendi iliyochomekwa kwa waya wa mwanga (optical), ikikaa kimya kabisa au ikikwaruza, ingia mipangilio ya sauti ya TV uweke PCM badala ya Dolby.

Hatua ya 10: Tembea nayo nyumbani

Boksi litakuambia mita 10 au mita 100. Namba hizo zilipimwa mahali pa wazi. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na vyumba vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ukivuka vyumba viwili umevuka mita nzima ya jiwe, na gigahezi 2.4 haipendi jiwe, achilia mbali jiwe lenye unyevu wa masika. Hapo hedifoni ya analogi ya megahezi 863 mara nyingi inapenya vizuri zaidi. Kwenye fleti za Michenzani shida ni nyingine: Wi-Fi za majirani juu, chini na ubavuni, zote zinagombea masafa yale yale.

Weka simu au stendi pale itakapokaa siku zote, vaa hedifoni, tembea: ukumbini, jikoni, uani, juu ya ngazi. Geuka uipe mgongo simu, maana mwili wako nao unazuia. Washa microwave kama unayo. LDAC ikianza kukatika, ishushe hadi 660 ujaribu tena. Hedifoni iliyoshinda kwenye kochi inaweza kushindwa jikoni, na alama hizo nazo ziingie daftarini.

Hatua ya 11: Sikiliza kimya

Simamisha wimbo, hedifoni ikiwa imewaka. Unasikia nini? Shwaa ndogo ya analogi inavumilika ikiwa inafunikwa na mazungumzo ya kawaida. Mngurumo mzito wa chini ni wa umeme, hertzi 50, na mara nyingi unatoka kwenye mnyororo wa TV, king'amuzi na sabufa vilivyochomekwa soketi tofauti. Vihamishie soketi moja uone.

Kisha washa panka. Mfumo wa kufuta kelele unafanya kazi nzuri kwenye kelele nzito ya mfululizo, kama panka na jenereta la jirani. Jogoo, watoto, na mvua kubwa juu ya bati za Wete hautavimaliza. Usiulipie ukidhani utavimaliza. Ninapendelea hata hivyo hedifoni ya nyumbani isiyoziba kila kitu, mlango ukigongwa usikie, adhana ikitoka usikie.

Ukishajumlisha alama

Zikipishana sana, umemaliza. Zikikaribiana, acha sauti uangalie vifaa. Za stendi nyingi hutumia betri za kuchaji za kawaida za AAA, unabadilisha mwenyewe. Za Bluetooth nyingi zina betri ya ndani iliyofungwa. Uliza kama mito yake inauzwa peke yake, na ujaribu kuivua pale pale dukani, mbele ya muuzaji. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, shusha bei au ondoka.

Kiwango cha sauti ulichosawazishia pia kina mpaka. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 90 umebakiwa na saa nne tu kwa wiki nzima. Kama unalazimika kupandisha mpaka huko ili usikie maneno ya tamthilia, jaribu kwanza mpangilio wa TV wa kukuza sauti za wasemaji, kisha angalia tena mto na ushungi. Bado husikii, nenda ukapimwe masikio kabla ya kununua hedifoni ya tatu.

Ukiichukua dukani, andikiana na muuzaji siku za kurudisha kwenye risiti, hifadhi boksi na vijiplastiki vyote, na ufanye hatua ya 6 mpaka ya 10 ndani ya siku hizo.